Jedwali lenu la maneno ya vyakula vitamu lirekebishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lile jedwali mlilochapa kwenye ukurasa wa lugha, la maneno ya Kiingereza ya vyakula vitamu, lililokusudiwa vijana wetu wanaowafundisha Wachina Kiingereza kwa njia ya intaneti. Nimelisoma zaidi ya mara moja, kalamu mkononi. Safu ya kushoto Kiingereza, ya kulia Kichina kwa herufi za Kirumi, neno likitazamana na neno: "sugar" na "tang", "cake" na "dangao", "biscuit" na "binggan", "pudding" na "buding", hivyo hivyo hadi chini. Hakuna neno lililokosewa tahajia, na aliyeliandaa namshukuru kwa hilo. Ila mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Guangzhou, nafundisha watu wazima jioni wakitoka kazini, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, na nawasihi wadogo zangu walio kwenye kazi hii wasiliingize darasani jedwali lile jinsi lilivyo. Maneno ya vitamu yanaonekana mepesi kuliko yote. Mimi yamenitoa jasho kuliko vitenzi.

Nianze na kadi moja. Nina mwanafunzi, dada mmoja mwokaji, mwenye duka dogo la keki karibu na viwanja vya yale maonyesho makubwa ya biashara yanayofanyika hapa mara mbili kwa mwaka, majira ya machipuko na ya vuli, tangu 1957. Maonyesho yakifika, wageni wanaosema Kiingereza humiminika mtaani kwake. Kwa ajili yao aliandika kadi ya kusimamisha mbele ya sinia, kwa mwandiko mzuri, akaja nayo darasani nimkagulie: "Red Sugar Cake".

Alikuwa ametafsiri kwa uaminifu kabisa. Kichina kinaiita sukari ile "hongtang", na "hong" ni nyekundu. Jicho la Kichina limeiona nyekundu. Jicho la Kiingereza limeiona ya kahawia, ndiyo maana Waingereza wanasema "brown sugar". Ni mambo yaleyale ya majani ya chai: Mchina anasema "hongcha", chai nyekundu, na Mwingereza anaiita nyeusi, na wote wawili wanatazama kikombe kimoja. Dada yule aliniambia kwamba wateja walimuuliza kama ametia rangi. Mama mmoja alinunua, akafungua mfuko nje ya mlango, akarudi akidhani amepewa siyo, kwa sababu alitarajia kitu chekundu.

Na "cake" nalo lilikuwa na yake. Jedwali lenu linasema "cake" ni "dangao". Tazameni neno lenyewe: "dan" ni yai, "gao" ni kitu kilichopikwa kikashikana kikawa bonge la kukatwa vipande, na mara nyingi kimepikwa kwa mvuke. Kitamu cha dada yule kilikuwa "gao" isiyo na yai hata moja, ya unga na sukari ile ya kahawia, iliyoumuka kwa mvuke kwenye kikapu cha mianzi. Mgeni aliyesoma "cake" alitarajia kitu cha ovenini, chenye mayai na siagi. Maneno matatu kwenye kadi, yote yamo kwenye majedwali ya namna yenu, yote sahihi yakisimama peke yake, na yakikaa pamoja yanampotosha mteja.

Sasa nije kwenye "tang", maana hapo ndipo penye shina la tatizo. "Tang" ni sukari, na hapohapo "tang" ni pipi. Mtoto wa Kichina akiomba "tang" hakuna anayemletea kijiko cha sukari, mazingira yanaeleza. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekariri "sugar ni tang" atamwambia mgeni "please eat a sugar" huku akimnyooshea pipi. Hajakosea kusikiliza, jedwali ndilo lililomwambia hivyo. Kiingereza kimegawa, tena kimegawa kwa nchi: Marekani watasema "candy", Uingereza "sweets", Australia "lollies". Na majina haya yamesafiri. "Sugar" limetoka Kisanskriti, likapita Uajemi na kwa Waarabu, kulekule tulikochukua sisi neno sukari, na "candy" nalo lina asili ya upande huohuo wa India. Wachina nao walikwenda India: mwaka 647 mfalme Taizong wa enzi ya Tang alituma wajumbe hadi Magadha wakajifunze kuchemsha sukari ya miwa. Kabla ya hapo utamu wao mwingi ulitoka kwenye asali na kwenye nafaka zilizochipushwa, na kumbukumbu yake ipo hadi leo katika herufi yenyewe: upande wa kushoto wa herufi ya "tang" imekaa alama ya mchele. Nikiwachorea wanafunzi wangu alama hiyo ubaoni, kisha nikawaambia kwamba "sugar" na "sukari" ni ndugu wa tumbo moja, huwa wanatulia kimya kidogo, na baada ya hapo sijawahi kuwakumbusha neno hilo tena.

(Kwa mwalimu atakayetaka kulitamka neno hili mbele ya darasa: sauti ipande juu. Ukiitamka "tang" kwa sauti ya juu iliyonyooka, umesema supu. Wanafunzi ni wastahimilivu, lakini supu tamu watakayoifikiria si ile unayofundisha.)

Mkanganyiko mmoja umenikaa kichwani miaka yote. Baba mmoja wa darasa langu alikuwa akimpeleka binti yake kambi ya likizo nchini Kanada, na kambi ikamtumia orodha ya vitu, mojawapo "marshmallows", pipi nene laini kama sifongo, za kuchomwa motoni jioni ya kwanza. Akalitafuta neno kwenye simu, simu ikamjibu "mianhuatang", yaani tang ya pamba. Na "mianhuatang" kwa Wachina wengi ni ile pipi nyepesi kama wingu inayozungushwa kwenye kijiti mbele ya macho yako, ambayo Waingereza wanaiita "candyfloss" na Wamarekani "cotton candy". Alikuja mapema kabla ya kipindi, amekunja uso, akaniuliza vipi watoto watachoma kitu ambacho hata mate yanakiyeyusha. Neno moja la Kichina limebeba vitu viwili ambavyo Kiingereza hakivichanganyi kamwe. Kwenye jedwali lenu "marshmallow" ipo, "candyfloss" haipo, na mbele ya "marshmallow" mmeandika "mianhuatang" bila neno la ziada. Baba yule angelisoma angebaki palepale.

Kesho yake nilinunua vyote viwili nikaviweka mezani. Kila mtu akabonyeza kwa kidole. Kimoja kilirudi juu kama godoro, kingine kilinywea kikawa uzi wa sukari unaonata. Basi, somo lilikuwa limekwisha kabla sijafungua mdomo.

"Pudding" ni mtego mwingine. Kichina kiliazima sauti tu, "buding", na kitu alichonacho Mchina akilini ni kile laini cha mayai na maziwa, cha manjano, kinachotikisika, chenye sukari iliyoungua juu yake. Mpeleke mtu huyo kwenye nyumba ya Waingereza, mwenyeji aulize kuna "pudding" gani leo. Anauliza kuhusu kitindamlo chochote, hata kikiwa tunda lililookwa. Krismasi ataletewa bonge jeusi la matunda makavu lililochemshwa kwa mvuke saa nyingi, limemiminiwa pombe kali na kuwashwa moto. Asubuhi ataona "black pudding", nayo ni soseji ya damu. Jumapili atapewa "Yorkshire pudding" na nyama na mchuzi, haina sukari kabisa. "Biscuit" nayo Uingereza ni kavu na inavunjika, Marekani ni mkate mdogo laini unaoumuka, na "binggan" ya Kichina inakusanya biskuti tamu na zile za chumvi pamoja. "Jelly" ya Mwingereza inatikisika, ya Mmarekani inapakwa kwenye mkate. Haya yote yangeingia kwenye jedwali lenu kwa kuongeza safu moja tu nyembamba ya kusema neno linatumika wapi.

Kuna jambo ambalo walimu wetu tungeweza kulifundisha vizuri kuliko wengine, na linaniuma kuona halikuguswa. Mchina hahesabu kitu bila neno la kuhesabia. Keki ni "yi kuai", pipi moja ndogo ya mviringo ni "yi ke", ile ya kijiti ni "yi gen" kwa sababu ni ndefu, mkate uliokatwa ni "yi pian". Neno la kati hubadilika kulingana na umbo la kitu. Kiingereza kwenye vitamu kinafanya karibu vilevile: "a slice of cake", "a bar of chocolate", "a scoop of ice cream", "a spoonful of sugar". Sisi tuliokua na ngeli, tunaojua tangu utotoni kwamba jina la kitu linaamua maneno yanayolizunguka, hatuhitaji kuelezwa mara mbili jinsi mambo haya yanavyofanya kazi. Kwa hiyo msimfundishe mwanafunzi "cake" peke yake. Mfundisheni kuanzia upande wake: yeye tayari anasema "yi kuai dangao", hatua kutoka hapo hadi "a piece of cake" ni fupi mno. Ukimpa "cake" tupu atasema "I ate two cake" miaka mitano, kwa maana Kichina hakina wingi wa namna hiyo, na atakuwa amekula vipande viwili huku msikilizaji akihesabu keki mbili nzima.

Nililotaka kulisema kwa kirefu zaidi ni maneno ya ladha, ambayo jedwali limeyaruka yote isipokuwa "sweet". Mwanafunzi huyo mnayemwandalia maneno atakaribishwa mahali, atapewa kitamu, na atatakiwa aseme kitu. Kwa Mchina, sifa kubwa ya kitamu ni "bu tai tian", si kitamu kupita kiasi. Watu wazima wanaisema kwa furaha ya kweli, ni kama kumwambia mpishi kwamba mkono wake una kipimo. Sasa mtu huyo anamgeukia mwenyeji wa Kiingereza aliyetumia mchana mzima kuoka na kumwambia "it is not sweet". Amemsifu, na mwenyeji amesikia lawama. Nimemwona mwanafunzi wangu akitoka kwenye mwaliko wa namna hiyo akiwa na huzuni, hajui amekosea wapi, kwa sababu kila neno alilolitumia alilipata sahihi kwenye mtihani. Kilichomponza ni lile neno dogo alilolidondosha, "too". Siku hizi nawafundisha sentensi nzima, na mwisho wake: "not too sweet, just how I like it".

Upande wa pili yupo mwanafunzi aliyesoma "rich chocolate cake" kwenye menyu akaandika daftarini keki ya matajiri. Akaiacha, akidhani bei yake hataiweza. "Rich" pale ni nzito, yenye siagi na mayai na kakao ya kutosha, inayojaza mdomo. Halafu kuna "nuo", neno ninalolipenda kuliko yote katika lugha hii: ule ulaini wa mchele wa kunata, unaovutika kidogo kwenye meno kisha ukakubali. Kiingereza hakina neno moja la kulibeba. Utasema "soft and chewy", utasema "sticky", na bado kitabaki kitu. Kamusi itampa mwanafunzi "glutinous", na hapo kuwe na tahadhari. Jirani yangu Mwingereza alikatazwa ngano na daktari. Mwanafunzi wangu alimletea "tangyuan", vile vidonge vya unga wa mchele vyenye ufuta mweusi ndani, akavieleza vizuri kama alivyofundishwa, "glutinous rice balls". Jirani akashukuru, akarudisha bakuli. Alisikia gluteni, ile protini ya ngano. Mchele huo hauna gluteni hata chembe, ni jina tu la kule kunata.

Na lipo suala lisilo la utamu wa mdomo. Mwaka juzi mama mmoja wa darasa langu alifuatana na mumewe safarini nje, mume akaishiwa nguvu, na mhudumu wa afya akauliza amewekewa nini kwenye dripu siku iliyopita. Mama akasema "grape sugar". Ndivyo Kichina kinavyoiita glukosi, "putaotang", sukari ya zabibu. Mhudumu alitafuta zabibu kwenye maelezo yake kwa dakika kadhaa, hadi mama alipofungua simu na kumwonyesha picha ya chupa. Mumewe alipona, ila mama yule aliniambia kwamba zile dakika hatazisahau. Tangu hapo, kipindi cha vitamu kwangu hakiishi bila maneno ya sukari yanayosomwa kwenye lebo na hospitalini: "glucose", "fructose", "sucrose", na ule mkia wao mmoja wa kuyatambulia. Watu wenye kisukari wamo madarasani mwetu. Wao ndio wanaohitaji orodha ya vyakula vitamu kuliko yeyote, na wanaihitaji ili wajue cha kukataa.

Nilihesabu pia vitamu vya Kichina kwenye jedwali lenu. Sikupata hata kimoja. Yapo "trifle", "fudge" na "meringue", vitamu vya Kizungu ambavyo wanafunzi wangu wengi hawatakutana navyo mwaka huu wala ujao, na haipo keki ya mwezi ambayo kila mmoja wao atatakiwa kuieleza kwa mgeni siku ya kumi na tano ya mwezi wa nane kwa kalenda yao. "Mooncake" ni neno lililokwisha kaa kwenye Kiingereza, lakini jina halitoshi. Mgeni akisikia "cake" atauma kwa nguvu na atakutana na mbegu za yungiyungi zilizosagwa zikawa nzito kama udongo wa mfinyanzi, na katikati kiini cha yai la chumvi. Mpeni mwanafunzi "filling", "lotus seed paste", "salted egg yolk", na muhimu kuliko yote "we cut it into small pieces and share it with tea". Mpeni "sweet soup" kwa ajili ya ile "tangshui" ya hapa Kusini, maharage mekundu au ufuta uliosagwa katika maji ya sukari, inayonywewa moto usiku. Mpeni namna ya kuagiza chai ya maziwa, jambo wanalolifanya karibu kila siku: dukani wanasema "qi fen tang", sehemu saba za sukari kati ya kumi, na kwa kuwa "fen" ni sehemu na ni dakika pia, nimesikia kwa masikio yangu "seven minutes sugar". Jibu ni "seventy percent sugar", au kwa wanaotaka nusu, "half sugar". Mtu huhitaji lugha kwanza kwa kile anachokipenda na anachotaka kukigawa.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba jedwali lichapwe upya. Liongezwe safu ya nchi, liongezwe neno la kuhesabia kila kitu, na chini yake viwekwe vitamu kumi vya Kichina pamoja na sentensi moja ya kuvieleza. Niko tayari kuviandika mwenyewe bila malipo, na nitavituma mara nitakaposikia kutoka kwako. Watoto wa China huanza Kiingereza darasa la tatu, wanaletewa orodha kama hizi tangu siku ya kwanza, na wanafika kwangu wakiwa na miaka arobaini, wanajua majina ya vitamu mia na hawawezi kumkaribisha mtu kimoja.

Dada mwokaji aliandika kadi mpya kabla ya maonyesho ya vuli. Tuliifanyia kazi jioni mbili, yeye akibishania kila neno, na akafanya vizuri kubishana. Sasa imesimama mbele ya sinia: "Steamed rice cake with brown sugar. No egg. Soft, a little chewy. Not too sweet." Nilimwambia mstari wa mwisho wageni wengine huenda wasiuone kuwa sifa. Akafikiri, akasema hao wataonja kwanza, akauacha.

Wako,
Mwalimu wa Kiingereza wa madarasa ya jioni,
Guangzhou, China